Kabati la Mfalme

Clive Purslow alikuwa na kipaji kimoja tu maishani: akimwona mtu mwenye shida, mate humjaa mdomoni. Asubuhi hiyo alikuwa akinywa chai katika hoteli ya Thornby, jumba la kale la mawe lililozungukwa na kondoo, akamsikia mwenye hoteli, Bi Winifred Ashdown, mjane wa miaka sabini na mitano, akiwabembeleza wageni wawili wasiondoke.

"Tuwie radhi, Bi Ashdown. Ile hoteli ya ng'ambo ya mto, malkia aliwahi kulala pale."

Ndivyo tulivyo huku. Godoro liwe na kunguni, supu iwe maji ya kuoshea vyombo, mradi mtu mwenye taji aliwahi kukoroma humo, tutalipa mara mbili na kushukuru.

Clive akasogeza kiti. "Nyumba ya miaka mia nne isilaze hata mfalme mmoja? Haiwezekani! Niachie mimi, mwanahistoria."

"Jamani! Ulisoma chuo gani?"

"Vingi," akajibu, na hapo hakudanganya. Alifukuzwa vitatu.

Kwa malipo ya chumba, nyama ya kondoo na bia, akaingia kazini. Aliandika barua kwa mwandiko wa mikogo, akaichovya kwenye chai, akaioka jikoni pamoja na mikate, ikatoka na umri wa kuheshimika. Barua ilieleza jinsi mfalme mmoja, akiwakimbia maadui zake, alivyojificha siku tatu katika kabati la ukumbini. Kabati lenyewe lilikuwa la mifagio, kazi ya mikono ya marehemu Bwana Ashdown. Clive akalipaka masizi.

Wageni wakamiminika. Waliinama, wakaingiza vichwa kabatini, wakatoka wakijifuta machozi. Mama mmoja aliapa amesikia harufu ya mfalme. Ilikuwa dawa ya kusugulia sakafu.

Hapo tamaa ikampanda Clive kichwani. Kwa nini alambe sahani na chungu kipo? Angelinunua jumba kwa bei ya kutupa, alikatekate vyumba, awauzie matajiri wa London.

"Nyumba hii ni mzigo kwako, Bi Ashdown. Niuzie mimi."

"Thubutu! Marehemu atageuka kaburini."

"Marehemu hapandi hizi ngazi na hayo magoti yako."

Bibi alilia wiki nzima, kisha akakubali. "Ila, mwanangu, si ungemleta kwanza mkaguzi wa majengo? Ndiyo desturi."

Clive akatokwa na jasho. Mkaguzi? Aje kugongagonga lile kabati? "Mkaguzi, baina yako na mimi? Uaminifu umekwenda wapi, Bi Ashdown?"

"Kweli kabisa, mwanangu. Nisamehe."

Clive akauza nyumba yake ya Leicester, akamlipa hadi senti ya mwisho. Bibi akapanda ndege kwenda kwa dada yake Hispania, na machozi yalikauka kabla ya geti.

Jumatatu akabisha hodi Bi Prudence Oakes, afisa wa kulinda majengo ya kale, na faili kwapani.

"Hongera, Bwana Purslow! Bi Ashdown alituletea ile barua tangu majira ya kuchipua. Jumba sasa linalindwa kisheria. Huruhusiwi kuhamisha hata msumari."

"Na vyumba vyangu nilivyotaka kukata?"

"Sahau. Sasa tuje kwenye paa."

"Paa lina nini?"

"Linaanguka. Wanunuzi wanne walileta wakaguzi, wote wakatoka mbio. Wewe Bi Ashdown alikusifu sana, eti una moyo wa kuamini watu. Utalijenga upya kwa mawe yaleyale ya zamani, kwa gharama yako. Kama pauni laki tatu hivi."

Clive akajikohoza. "Na tuseme, mfano tu, ile barua ni ya uongo?"

"Ulinzi ungefutwa siku hiyohiyo."

Uso wa Clive ukang'aa.

"Na aliyeighushi angekwenda jela." Bi Oakes akafungua faili, akatoa kalamu. "Kwa nini, kuna mtu unamshuku?"

Clive akatazama dari, palipokuwa na doa bichi la maji lenye upana wa meza. Akaitazama kalamu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alitamani sana kusema ukweli.

"Hapana," akasema. "Mfalme alilala hapa. Siku tatu."

"Basi tia sahihi hapa, kwamba paa utalijenga."

Akatia.