Mtambo wa Kuhesabu Ngamia

Jumatatu, 7 Machi 1966
Mchoro umekamilika! Mtambo wa kuhesabu wa kizazi kipya, utakaojaza ghala zima la maabara yetu ya taifa ya mifugo hapa Garissa. Utajua ugonjwa wa ngamia kabla ngamia mwenyewe hajaumwa. Gichuki, karani mwenzangu, amecheka mpaka akakohoa. Eti mashine yake ya hesabu ya kuzungusha kwa mkono inatosha, na ghala analitaka yeye, aweke ngozi. Mkurugenzi anakuja Ijumaa kuamua. Akiukubali, mimi Kinoti ni mkuu wa mtambo. Akiukataa, nitaandikisha chanjo mpaka nistaafu.

Jumanne, 8 Machi
Mtambo unataka tarakimu. Nimemwendea mfugaji Mzee Korane kisimani, nikamuuliza ana ngamia wangapi. Akaniuliza habari za nyumbani. Za mvua. Za mama yangu. Nikauliza tena. Akasema wallahi, Mungu ndiye ajuaye, mali ikihesabiwa baraka hukimbia. Wazee wote wakaitikia. Jamani! Siku nzima, vikombe tisa vya chai, ngamia sifuri.

Jumatano, 9 Machi
Nikajificha kichakani na darubini ya ofisi, nihesabu mwenyewe. Nimefika mia mbili na kumi na nne, askari wa doria wakanitoa kwa kola. Hali ya hatari mkoani, majasusi wanasakwa, mtu kichakani, darubini, daftari! Nikawaeleza habari za mtambo. Mambo yakaharibika zaidi.

Alhamisi, 10 Machi
Nimelala korokoroni. Gichuki aliulizwa kama ananijua, akajibu ananijua kwa mbali. Kwa mbali! Meza zetu zinagusana! Kweli kikulacho ki nguoni mwako. Aliyekuja kunitoa ni Korane. Aliwaambia mimi si jasusi, jasusi angejificha vizuri. Wakakubali upesi mno. Nimeudhika.

Ijumaa, 11 Machi
Mkurugenzi ametaka tarakimu. Daftari bado liko kwa askari. Korane alikuwa amefuata dawa ya kupe, akamtajia ngamia wake mmoja mmoja: jina, mama, bibi, na maradhi yote tangu ukame ule mkubwa. Idadi hakutaja. Mkurugenzi ameandika kurasa kumi na moja! Korane ameajiriwa. Gichuki kapewa ghala. Mimi nimepewa kituo cha Masalani, kuandikisha chanjo. Ala!

Jumatatu, 21 Machi
Masalani. Nimetafakari sana, kosa langu nimeliona. Kichaka kilikuwa kifupi. Hapa kuna mti mrefu ajabu, ukiwa juu unaona mbuzi wote, mto, na kambi nzima ya jeshi. Nimeomba darubini nyingine.