Mistari Saba ya Baba Mkwe

Jumatatu, 22 Aprili 1912. Asubuhi mvua nzito. Ziwa halionekani, njia ya Mwaya imekuwa mto.

Naandika Kiswahili kwa sababu mume wangu Yotamu husoma Kinyakyusa tu. Pasta wetu anatunga kamusi ya lugha yetu, nami ndiye mnakili wake. Mwanamke pekee! Mwandiko bora (kasema Pasta mwenyewe, mara mbili). Kila neno lina kikaratasi chake: maana, kisha mstari wa wimbo wa wazee kuwa shahidi wa maana hiyo, kisha jina la mwimbaji. Mwalimu Zebedayo ameleta mistari kumi na mmoja ya bibi yake. Anatembea kama jogoo. Mimi sina hata mmoja! Jumamosi furushi la vikaratasi linapanda meli kwenda kuchapwa. Lazima mstari wangu uwemo.

Kikwazo: Pasta hataki tungo za vijana. Tena mleta mstari husimama pamoja na mwimbaji mbele yake.

Jumanne, 23. Manyunyu.

Nimepata! Mistari saba, yote yangu, na chini nimeandika: Ambilikile wa Ngana. Ndiye baba mkwe. Kwetu mkamwana hamtazami baba mkwe wala hakai naye chumba kimoja. Nikimwona njiani najitupa majanini. Nani atadai tusimame pamoja? Pasta ameinamisha kichwa kwa heshima, amepokea yote. Neno la radi sasa lina mstari huu: “Radi inapiga Rungwe, huku Ngana mtoto anakaza kushika titi.” La upweke: “Nimepika ndizi za wawili, nazila hadi kesho.” Nimejisomea mara nne.

Zebedayo kasema ajabu, mzee Ambilikile hajapata kusikika hata akipiga mluzi. Wivu.

Alhamisi, 25. Jua, hatimaye.

Maafa! Zebedayo kaenda Ngana, karudi na baba mkwe! Nilikuwa ofisini kwa Pasta nikinakili, nikasikia kikohozi barazani. Mlango ni mmoja. Nikajitosa nyuma ya kabati la vikaratasi, nikachuchumaa, nguo kichwani.

Zebedayo, kwa sauti ya asali, akasema leo mzee mwenyewe atatueleza mistari yake. Pasta akasoma ule wa upweke. Mzee akapenga kamasi, kama mtu anayelia. Akasema ndiyo, ni wake, aliuimba mama yake Yotamu alipofariki. Ila si ndizi, ni samaki. Samaki! Nani hula samaki wa jana kwa joto hili? Nilitaka kupiga kelele. Mkamwana hapigi kelele. Pasta akafuta ndizi, akaandika samaki.

Mzee akadai yote saba ni yake. Akarekebisha minne. Pasta akamsomea na ya bibi wa Zebedayo. Mzee akasema hata hiyo bibi aliipata kwake, alipokuwa akija Ngana kuuza vyungu.

“Bibi yangu, mzee?”

“Bibi yako. Sauti mbaya, masikio mazuri.”

Pasta akafuta jina la bibi mara kumi na moja, akamwambia mzee ndaga fijo, asante sana. Mguu wangu wa kushoto ulikufa ganzi hadi jioni.

Ijumaa, 26. Mawingu.

Nimekiri. Nimemwambia Pasta mistari ile saba ni yangu, Angetile, pamoja na ndizi. Akauliza kama niko tayari kusema hayo mbele ya mzee, ana kwa ana.

Nimerudi kunakili.

Jumamosi, 27. Asubuhi nyeupe, ziwa shwari.

Furushi limeondoka. Ambilikile wa Ngana: mistari kumi na minane. Zebedayo: hakuna. Angetile: hakuna. Hata hivyo, ni nani mwingine katika nchi hii amemliza mzee mzima kwa ndizi za wawili?

Tena Pasta ametangaza kitabu cha pili, cha majina ya ndege na samaki, nacho kinahitaji mistari. Safari hii nimetumia akili. Mwimbaji wangu ni marehemu shangazi Damari wa Busale. Marehemu haletwi barazani. Tayari mistari tisa! Hakuna dosari popote.

Yotamu kaniuliza, shangazi Damari si alikuwa bubu? Nimemjibu ndiyo maana nyimbo zake hazijulikani.

Nalala saa tatu na robo, kwa fahari.