Skrini Tulivu ya Delbert Hruska

Jumatatu, 9 Juni 1986
Bwana Vandehaar, bosi wetu hapa chumba cha kompyuta cha kampuni ya bima, katangaza: anatafutwa mkuu wa zamu. Wagombea wawili, mimi na Marlys Tjaden. Hapo kuna mashindano kweli? Mimi nina akili, Marlys ana macho tu. Anakaa mbele ya skrini ya kompyuta kuu akisoma kila ujumbe unaopanda: laini ya tawi fulani imefunguka, imefungwa, imefunguka tena. Kutwa nzima! Nikamwambia atapofuka. Akanijibu, "Wewe si umeshanitangulia, ndugu yangu?" Nina mpango.

Jumanne, 10 Juni
Programu ya mtandao ina faili la kuamua ujumbe upi umfikie mwendeshaji na upi uishie njiani. Nitaua kelele zote. Bosi akikuta skrini safi, cheo changu! Marlys kanishauri nizime mmoja mmoja, nikiuliza kwanza kila mmoja una kazi gani. Wivu huo! Ujumbe wote wa mtandao unaanza kwa herufi tatu zilezile. Nikaandika herufi hizo, nikamalizia na nyota, maana yake kila unaoanza hivi ufungiwe. Mstari mmoja tu.

Lo, utulivu! Nimeitazama skrini tupu hadi nikamkumbuka marehemu baba. Shambani aliweza kumaliza wiki bila neno, nasi tukajua ameridhika. Angalau tulidhani hivyo. Sikumbuki kama kuna aliyewahi kumuuliza.

Alhamisi, 12 Juni
Bosi kapita, katazama skrini, kasema si mbaya. Hapa Iowa hizo ni sifa za kutosha mwaka mzima!

Jana mvua ya mawe iliponda mahindi kaunti za kaskazini. Sisi ndio tuliowakatia bima wakulima wa huko, kwa hiyo leo madai yao ya fidia yalitakiwa yafurike. Hayaji. Marlys anashangaa mbona matawi ya kaskazini yako kimya. Ili kumridhisha nikauandikia mtambo amri: laini za kaskazini ziko hai? Kimya. Nikarudia. Kimya. Basi, hakuna tatizo. Marlys kanitazama kwa huruma, kisha kaenda kupiga simu.

Ijumaa, 13 Juni
Aibu! Kumbe majibu ya mtambo nayo ni ujumbe wa mtandao. Yanaanza kwa herufi zilezile tatu! Nilikuwa namuuliza mtu huku nimemziba mdomo. Laini za kaskazini zilikatika na ile mvua. Mtambo ukalia na kulia, mimi nikastarehe.

Asubuhi kaja mkulima, mzee Oltmann, kaendesha gari kutoka kaskazini na ndoo ya mahindi yaliyopondeka. Kaiweka mezani kwa bosi. Kasema hakuja kulalamika, amekuja kuuliza tu kama bado tupo. Hakupandisha sauti hata kidogo. Heri angenitukana. Nilishindwa kumtazama usoni, na hadi sasa nasikia vibaya.

Marlys kaufuta mstari wangu na skrini ikafurika. Kisha kaniuliza, "Umekula lakini, Del?" Akanimegea pai yake ya cheri. Nilikaribia kulia. Nilipomaliza kula, bosi akatangaza mkuu wa zamu ni Marlys.

Jumatatu, 16 Juni
Nimetafakari Jumamosi na Jumapili zote, na kosa langu nimeliona. Sikuchagua vizuri cha kuzima. Mitambo haikuwa na ubaya wowote. Wanaosumbua ni watu. Marlys kahamia ofisi ya ghorofani, na tangu asubuhi anatutumia maagizo kwenye skrini: Del fanya hivi, Del usifanye vile. Baada ya chakula nikafungia ujumbe unaotoka kwake. Wake tu, na kwenye skrini yangu tu. Nyota sikuweka, mimi si mjinga.

Tangu hapo hajaniagiza kitu. Naona kaanza kuniheshimu.

Wenzangu wote wameinuka ghafla, wanakimbilia ngazi za kwenda chini ya jengo. Gaylen, mwenzetu wa kubadilisha tepu za kompyuta, kaniuliza kwa kelele kama sijasoma ujumbe wa Marlys. Nikamwambia skrini yangu haina kitu. Bila shaka ni mkutano, na mimi sikualikwa. Waende tu! King'ora cha tufani, kile cha kuwaambia watu wajifiche chini ya majengo, kinalia mjini. Wanakijaribu. Mbingu dirishani imekuwa ya kijani, na chumba kizima ni changu. Sijapata kufanya kazi kwa amani namna hii.