Nguzo ya Geti na Mlango wa Kushoto

Jumatatu, 3 Machi
Nimekwaruza gari la Baba kwenye nguzo ya geti letu. Mlango wa kushoto. Mstari mwembamba kama uzi. Nguzo yenyewe haina hata alama. Jeuri!

Baba alishaapa: nikilikwaruza tu, ufunguo unahamia kwa binamu yangu, Bingwa, tunayemwita hivyo kwa sababu hajawahi kukosea, kwa maelezo yake. Yaani nibebwe na Bingwa kwenda kazini, nikinywa nasaha njia nzima. Bora pekupeku.

Nidai bima? Ina jina la Baba, atajua. Nisidai? Ataona. Nimewaza mpaka chai imepoa.

Jumanne, 4 Machi
Fundi rangi ameutazama mlango, akacheka mpaka akakaa. Akaniuliza, dada, hiki nacho cha kupeleka bima? Sehemu ya kwanza ya gharama unalipa mwenyewe, na hiki hakifiki hata hapo. Atanipakia rangi Jumamosi.

Basi sidai. Mpaka Jumamosi naegesha ubavu wa kushoto ukiwa umebana ukuta. Nani atauona? Akili ninayo.

Jumatano, 5 Machi
Baba amenisifu! Mbele ya Bingwa! Eti amwangalie mwenzake anavyojua kubana nafasi. Bingwa akanuna, akasema hata yeye angeweza, ila hapendi kujionyesha. Nimelala kwa raha.

Alhamisi, 6 Machi
Nimebana zaidi. Krrrrr! Milango yote miwili ya kushoto.

Nilitaka kulia. Kisha nikatulia, nikafikiri. Mbona hii ni heri? Sasa uharibifu umefikia hadhi ya kudaiwa! Nimepiga simu bima, nikawapa namba yangu badala ya ya Baba.

Ijumaa, 7 Machi
Mkaguzi wa bima amekuja Baba akiwa amelala. Kijana mpole, kamera shingoni. Akaniomba nilisogeze gari kidogo, apige picha. Nikarudi nyuma. Akapunga mikono yote miwili. Nikaona ananipongeza.

Paa! Ilikuwa pikipiki yake.

Baba ameamka. Alinyoosha kiganja tu. Ufunguo anao Bingwa.

Jumapili, 9 Machi
Bingwa amegonga mlango wangu kwa adabu ya mgeni. Kaniita dada yangu mpenzi. Nikajua.

Nguzo ya geti! Mlango wa kulia! Baba hajaona. Akaninong'oneza, nidai au nisidai?

Nilitamani kucheka, nikajizuia. Mtu mwenye uzoefu hacheki. Nimemwambia asidai, ni kidogo mno. Aegeshe ubavu wa kulia ukiwa umebana ukuta, atokee upande wa abiria. Akauliza kwa nini mimi yalinishinda. Nikamjibu ukweli: sikuwa na mtu wa kuniongoza.

Kesho alfajiri anaendesha yeye. Mimi nitasimama nyuma, nikimwambia bado, bado, njoo tu.