Damu ya Mbwa Mkubwa

Jumatatu, 1 Julai

"Mbwa akichoka moyo, mwacheni apumzike." Kaandika hivyo Kuramochi, mwenyekiti wa mtaa, kwenye ubao wa matangazo unaozungushwa nyumba kwa nyumba. Hakumtaja mbwa wetu Gobo. Hakuhitaji.

Upuuzi! Moyo wa Gobo haujachoka. Umezidisha bidii. Daktari Nezu wa hospitali ya wanyama alituonyesha kwenye picha: nyama ya ukuta wa moyo imenenepa hadi inabana mlango wa damu kutokea. Ndiyo maana anazimia akipanda ngazi. Dawa zimeshindwa. Daktari atausimamisha moyo, mashine isukume damu badala yake, achonge nyama iliyozidi, kisha auamshe. Nikasema ajabu, kiungo kuziba njia kwa sababu ya kujaa mno! Mke wangu Sawako akasema anamfahamu mwingine mwenye maradhi hayo.

Tatizo ni damu. Hospitali haina akiba ya kutosha. Tutafute wenyewe mbwa wa kuchangia, mkubwa, mzima, na haraka. Bila damu hakuna upasuaji. Bila upasuaji, Gobo hatafika msimu wa majani kupukutika.

Mtaani amebaki mbwa mkubwa mmoja: Iwa, wa Kuramochi. Wengine walihama na wamiliki wao, baada ya makala zangu gazetini kuwafukuza mbwa wakubwa kwenye njia ya mtoni. Makala nzuri sana.

Alhamisi, 4 Julai

Nimwombe Kuramochi? Nichongwe kwanza mimi. Nimekwenda bustani ya ng'ambo ya mto na mfuko wa viazi vitamu vilivyokaushwa. Niwavute mbwa wakubwa, kisha wenyewe. Mbwa wakaja. Wote. Mmoja akala na mfuko. Mwanamke mmoja akaniuliza kwa upole kama si mimi yule bwana aliyewaita mbwa wao tembo wenye manyoya. Kisha wakaondoka wote pamoja.

Kumbe nasomwa hadi ng'ambo! Nimerudi mikono mitupu, ila si kwa huzuni.

Jumapili, 7 Julai

Mbinu bora. Huu ni msimu wa zawadi za katikati ya mwaka. Nimempelekea Kuramochi tikiti tamu ndani ya sanduku la mbao, na kadi ya kumtakia afya katika joto hili. Habari ya damu sikuigusa. Mtu mwenye akili atajiuliza mwenyewe nataka nini.

Jumanne, 9 Julai

Amejibu kwa samaki mikunga wa kuchoma, wa duka la fahari! Zawadi ya kurudisha haipaswi kuipita ya kwanza. Ikiipita, umeambiwa ukome. Sawako akasema huenda mzee wa watu ni mkarimu tu. Mkarimu! Nimetuma nyama ya ng'ombe wa Hida, ile ya bei kali, iliyofungwa kwa kitambaa.

Mchana Gobo akazimia mlangoni panapovuliwa viatu. Miguu imekakamaa, ulimi wa zambarau. Sawako akampapasa kifua hadi akarudi. Mimi hakunitazama.

Alhamisi, 11 Julai

Nyama imejibiwa kwa kaa wa Hokkaido. Nilikuwa nachagua shambulio linalofuata Sawako alipovua aproni na kuvuka barabara kwenda kwa Kuramochi. Nikamfuata, nikajibanza nyuma ya ua wa miti.

Hakuzungusha maneno. Aliinama, akasema Gobo anakufa, akaomba damu ya Iwa.

"Mumeo ananilisha tangu Jumapili, shemeji," Kuramochi akasema. "Nikajua anakitaka kiti cha mwenyekiti. Damu ipo tele. Ni lini?"

Na yale ya ubaoni? Sawako akauliza. Kuramochi akasema alikuwa akimkumbuka mbwa wake wa zamani, aliyekufa kabla ya madaktari kujua kazi hii.

Kisha, bila kugeuka: "Na wewe, Bwana Tatebe, toka humo. Unaivunja miti yangu."

Ijumaa, 19 Julai

Damu zimekubaliana. Gobo amepasuliwa. Walipotuambia moyo umesimamishwa, Sawako alinishika mkono kwa mara ya kwanza mwezi huu. Tukakaa. Hatimaye Daktari Nezu akatoka na kusema unapiga wenyewe, na mlango uko wazi. Nililia. Vumbi la hospitali.

Iwa alilala sakafuni, shingo imenyolewa, akilishwa kuku. Kuramochi alikaa nasi hadi mwisho bila neno moja la ushindi. Ufidhuli wa hali ya juu.

Jumamosi, 27 Julai

Gobo kapanda ngazi na kuiba samaki wangu! Kuramochi hajaomba chochote. Sawako kaagiza niandike shukrani ubaoni, na niwaombe radhi wenye mbwa. Nimetafakari. Ni wazi tikiti ndilo lililomlainisha Kuramochi. Nimeandika hivi, na ubao umeshaondoka:

"Ninyi wenye mbwa wakubwa mliouhama mtaa huu, mliukimbia wajibu wenu. Rudini. Kila mbwa aandikishwe kuchangia damu kabla ya mwisho wa mwezi. Na mkija, piteni barabara kuu. Njia ya mtoni bado ni marufuku."