Matumbawe Meupe Pe

Jumatatu, 15 Aprili 2024. Kahama.
Picha za matumbawe zimefika kutoka Mafia. Kila mwaka wapiga mbizi wa huko wanayapiga picha yale yale, nasi huku bara tunayawekea alama kwenye kompyuta: zima, gonjwa, limekufa. Bahari sijaiona mimi. Siri yangu! Ijumaa Daktari Zuleha, bosi wetu wa Dar, atateua msimamizi. Ni mimi au Asteria. Asteria kasomea mambo ya bahari. Mimi nimekulia zizini Samuye. Ng'ombe mgonjwa namjua kwa kumwangalia manyoya tu!

Jumanne, 16 Aprili
Ajabu! Mwaka jana yalikuwa ya kahawia, machafu. Mwaka huu meupe pe! Kwetu ng'ombe mweupe ni baraka, babu humtenga kwa tambiko. Yote nimeyaandika "zima", nikatuma. Asteria bado anakodolea macho picha za mwanzo. Atajiju.

Jumatano, 17 Aprili
Daktari Zuleha kapiga simu. Kauliza kama nina hakika. Hakika kabisa, nikasema. Basi, kasema, kesho kutwa wavuvi watakutana, na eneo la matumbawe lililofungwa wasivue litafunguliwa kwa nyavu. Kwa majibu yangu! Nikamsimulia Asteria tukinywa chai. Akaweka kikombe chini. Akaniita kaka, kwa upole, ndipo nikaogopa. Akasema tumbawe likiwa jeupe limezidiwa na joto, lina njaa, na nyavu zikipita sasa halitapona.

Alhamisi, 18 Aprili
Nikiungama, usimamizi kwaheri. Nimechomoa waya wa intaneti wa ofisi Asteria asiwahi kutuma majibu yake, nikarekebisha alama zangu haraka. Nikabonyeza kutuma. Haiendi. Waya uko mfukoni mwangu! Kuurudisha siwezi, Masele fundi amesimama palepale akiutafuta. Jasho! Mkutano ni kesho asubuhi. Matumbawe yatakufa kwa sababu yangu, nami nimekaa juu ya dawa. Mwishowe nikauangusha chini ya meza, nikapiga kelele kwamba nimeuona. Asteria akasema nisihangaike, ameshampigia Daktari simu.

Ijumaa, 19 Aprili
Eneo limebaki limefungwa. Nimeshusha pumzi, kusema kweli. Msimamizi ni Asteria. Pumzi imepanda tena.

Jumatatu, 22 Aprili
Nimehamishiwa picha za nyasi za baharini. Nyasi! Asteria kauliza kama anielekeze. Nimecheka. Mtoto wa mfugaji afundishwe nyasi? Ni ndefu mno, zimechakaa. Kwetu za namna hii huchomwa kabla ya mvua, zichipue upya. Nimependekeza wazichome.