Jinsi Tauqir wa Bahawalpur Alivyoishika Antena ya Mkwewe

Sogezeni mikeka, enyi wenye masikio, na wenye vikohozi wakohoe sasa wamalize, kwa maana nataka kuwahadithia tendo ambalo mji wa Multan, uliokwisha kuona wafalme wakiingia juu ya tembo na kutoka kwa miguu, haujapata kuona mfano wake. Naye Mola Karima, aliyemjaalia mwanadamu ulimi, aniazime pumzi ya kulifikisha mwisho.

Alikuwako huko Bahawalpur muuza miwani, jina lake Tauqir, jemadari wa masharubu, mtu mpole katika mambo yote isipokuwa kriketi. Jioni moja mkewe Mehnaz alikuwa ameketi akitazama sehemu ya mwisho ya tamthilia aliyoifuata tangu baridi hata joto. Na pale hasa bibi harusi alipofunua kinywa aseme yule mtoto ni wa nani, Tauqir akanyoosha mkono, akabadili stesheni, apate kujua matokeo ya mechi.

Mehnaz akainuka. Alifunga sanduku lake, akapanda basi kwenda Multan kwa baba yake, Malik Ghazanfar, hakimu mstaafu aliyewatetemesha majambazi kwa kukohoa tu. Na Malik akaapa kwamba na mkwe yule hatasema tena neno.

Tauqir akavumilia kunywa chai ya upweke mpaka ikamshinda. Ndipo alipojifunga kibwebwe, akatwaa boksi la halua, akaingia Multan alasiri ya fainali baina ya Pakistani na majirani wa mashariki, saa ambayo hata mbwa wa mji ule walikuwa wameingia ndani kutazama. Akamkuta Malik juu ya kitanda chake cha kamba, mbele ya televisheni, majirani wamemzunguka kama mawaziri.

"Asalaam aleikum, baba."

"Waaleikum salaam," Malik akaiambia televisheni, maana kujibu salamu ni faradhi. Kisha akageuka upande. "Mehnaz, mwambie mgeni wako akae. Na asiguse kitu chochote chenye vitufe."

Tauqir akakaa. Mechi ikapamba moto, ikabaki mipira ya kuhesabika, na ndipo kutoka jangwa la Cholistan yakaja majeshi ya vumbi, bendera zake nyekundu, yakaupiga mji kwa dhoruba moja, na antena ya Malik, mlinzi wa paa lile tangu enzi, ikageuzwa uso. Kiooni wachezaji wote wakawa mchele unaochemka.

"Ya Rabbi!" akalia Malik, mikono juu. "Nimehukumu watu maisha yangu yote bila hongo, nawe wanihukumu leo, mpira wa mwisho-mwisho? Ni nani atakayepanda?"

Majirani wakawa na magoti mabovu, wote kwa pamoja.

Tauqir akasimama. "Baba, kama damu yangu ina thamani yoyote katika nyumba hii, basi paa lako na liinywe."

"Damu gani?" akasema Mehnaz. "Kaa chini wewe, utaanguka utuletee matanga na wali hatujapika."

Lakini shujaa alikwisha kuishika ngazi. Akapanda, vumbi likimpiga makofi, masharubu yakigeuka rangi, akaikumbatia antena, chuma chake kikiwaka kama kaango, akaanza kuizungusha, na Mehnaz akasimama uani kupeleka habari.

"Bado! Bado! Rudisha! Hapo! Hapo hapo!"

Akaiachia. Kilio kikapanda kutoka ndani kama cha mji uliotekwa.

"Umeachia? Hebu shika, wewe bwana!"

Akashika, na picha ikarudi. Akajua kwamba mwili wake sasa ni sehemu ya mtambo. Mtu aliyevunja nyumba yake kwa ajili ya mechi alikuwa amesimama juu ya mechi, ameipa kisogo.

"Mehnaz! Zinatakiwa mbio ngapi?"

Mehnaz akamtazama, mtandio umefunika pua. "Unataka kujua mwisho wake?"

"Nataka!"

"Hata mimi nilitaka."

Upepo ukavuma. Tauqir akatema mchanga uliomjaa mdomoni, na neno lenyewe lilikuwa zito kuliko antena. Kisha akalitoa kwa sauti ya mwadhini, na kwa bahati mbaya mtangazaji alikuwa amenyamaza, mtaa mzima ukasikia: "Nilikukosea, Mehnaz! Nisamehe!"

Mehnaz akachungulia ndani, akarudi. "Umebaki mpira mmoja. Zinatakiwa sita."

"Nenda ukatazame!"

Hakwenda.

Mpira ukarushwa. Halafu nyumba ikapasuka kwa mayowe, mitaa yote ikaitikia, watu wakamwagika nje na ngoma. Na Tauqir, mikono imeungua, hakuiachia antena.

"Tumeshinda?"

"Sijui," akasema Mehnaz. "Nilikuwa nakutazama wewe, usije ukaanguka. Ila kwa kelele hizi, naona tumeshinda."

Ndipo Malik Ghazanfar alipotoka uani, kofia imepinda, machozi kwenye ndevu, akainua uso. Majirani wakaacha ngoma.

"Wewe!" akanguruma. "Kiapo nitakitolea kafara kesho kwa kuwalisha masikini. Shuka, mwanangu, nikueleze lile pigo."

Akamweleza kabla hajanawa, akamweleza tena juu ya sinia la wali, upawa wa mchuzi ukiwa ndio gongo, akiwamwagia majirani bila kuwaomba radhi. Na Mehnaz akampaka mumewe samli viganjani, kidole kwa kidole, naye akisikiliza kwa macho yaliyofumbwa.

Wanaotunza tarehe za mataifa watawataja mpigaji na mrusha mpira wa siku ile, na wana haki. Bali sisi tunaojua tunaandika hivi: kwamba Multan ilitekwa alasiri moja, bila upanga, na muuza miwani aliyekuwa amesimama juu ya paa asiweze kuona kitu.